Muvi ya chai, muvi ya ukweli au muvi yenye sheria zake: leo uweke ipi?

Mjomba wangu alikuwa mwanajeshi miaka mingi, kuangalia nae muvi ya mapigano inabidi uwe na roho ngumu. Stelingi akianza tu kumimina risasi na mjomba nae anaanza kuhesabu, tena kwa sauti. "Ishirini na nane... ishirini na tisa... thelathini. Haya, hapo imeisha." Kwenye skrini jamaa bado anamimina. "Arobaini... hamsini... hiyo magazini kaichukulia wapi huyu?" Siku moja nikamwambia mjomba, hii si muvi tu jamani, akanijibu bila hata kugeuka, "na mimi nahesabu tu, mjomba."

Sa kwenye kochi hilohilo yupo mdogo wangu ambae gari lisipolipuka anaona kadhulumiwa, na yupo binamu yetu mmoja yeye anataka vyombo vya angani na mapanga ya mwanga. Skrini moja, watu wanne, kila tukikaa nusu saa nzima inaishia kwenye kubishana tuweke nini. Nimeandika hii kwa yeyote anaekwama hapohapo. Na niseme mapema, muvi zote zinatudanganya kuhusu silaha na mitambo, hata zile zinazojifanya makini, kwa hiyo unachochagua ni uongo gani unaweza kukaa nao saa mbili bila kukukera.

Nimezigawa tatu. Kuna muvi ya chai, au fiksi, au kamba, iite unavyotaka, ile ambayo stelingi hafi na risasi haziishi. Kuna muvi ya ukweli, namaanisha iliyojitahidi kufuata silaha na mitambo inavyofanya kazi kweli. Alafu kuna muvi yenye sheria zake, hii ni sayansi ya kubuni, imetunga ulimwengu wake na vifaa vyake na inakuomba uvikubali.

Nnavyozipima

Vitu vinne tu. Cha kwanza silaha: zina uzito, zinaisha risasi, zinapiga kelele inayostahili? Cha pili mitambo, yani kompyuta, simu, kamera na ndugu zao. Cha tatu mwili, mtu akipigwa anakuwaje. Cha nne ndo muhimu kwangu, muvi ikiisha unabaki na nini, maana kuna uongo unaishia palepale kwenye skrini na kuna uongo unatoka nao kichwani na siku moja unaweza kukuponza.

Muvi ya chai

Silaha. Hapa ndo mjomba anapougulia. Chukua AK, bunduki ambayo hata mtoto anaijua. Inapiga kama risasi 600 kwa dakika, ambayo ni 10 kwa sekunde, na magazini yake ya kawaida inabeba 30, sasa piga hesabu mwenyewe, ukivuta triga usiachie sekunde 3 tu umebaki na chuma mkononi. Stelingi wa chai anamimina dakika nzima huku anaongea. Alafu kuna ile bunduki kubwa ya mitutu sita inayozunguka, stelingi anaibeba mkononi kama fimbo ya kuchungia. Ile ya chuma ya siku zote ina kilo 39 hivi yenyewe tupu, na inaendeshwa na umeme kwa hiyo unahitaji na betri, na ukiiweka ipige 3000 kwa dakika basi hiyo dakika moja umekula risasi zenye uzito wa zaidi ya kilo 70. Yani jamaa anakimbia porini na mzigo wa kilo mia na ushee, amevaa singlendi, na anatania wenzake.

Sailensa nayo, kile kibomba cha kupunguza kelele kinachofungwa kwenye mtutu. Kwenye chai inalia "fyut" na mlinzi wa chumba cha pili hageuki. Bastola ya kawaida inapiga kelele ya desibeli 160 hivi, sailensa nzuri inapunguza kati ya 20 na 35, kinachobaki bado kinashindana na king'ora umesimama pembeni yake, na kama risasi inakwenda kasi kuliko sauti, ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde, inapiga ule mpasuko wake hewani ambao hakuna sailensa inayouzuia. Nadhani jina lenyewe ndo limetuponza. Mmarekani Hiram Percy Maxim aliposajili ya kwake mwaka 1909 akaiuza kwa jina la sailensa, basi dunia nzima ikaamini inanyamazisha.

Gruneti ndo usiseme, zinatoa moto wa rangi ya chungwa kama jua linazama. Ule moto wa kwenye muvi ni petroli wamechoma. Gruneti ya kweli ni mlipuko mfupi, vumbi, moshi, na vipande vya chuma ambavyo huvioni vikija, na ndo vinavyoua. Na tangi la gari kupigwa risasi moja likalipuka hapana, petroli inawaka pale mvuke wake umechanganyika na hewa kwa kiasi fulani, kama asilimia 1.4 mpaka 7.6, ndani ya tangi mvuke umejaa kupita kiasi hicho, na risasi ya kawaida ikipita inaacha tundu na petroli inavuja, basi.

Mitambo. Kwenye chai mdukuzi anapiga kibodi sekunde ishirini na paswedi inafunguka herufi mojamoja, ya kwanza ikashika, ya pili ikashika, tiririri. Hii nilikaa siku moja nikaipigia hesabu. Chukua paswedi ya herufi 8 ndogo tupu. Kama kweli mashine ingekuwa inakwambia "hii ya kwanza umepatia", ungehitaji kubahatisha mara 208 tu kwa wingi kabisa, manake herufi 26 mara 8. Mashine haikwambii hivyo, inakwambia yote sawa au yote sio, na hapo uwezekano ni zaidi ya bilioni 208. Sifuri zote hizo zimemezwa na muvi ili stelingi aingie kabla mlango haujafungwa. Ndo maana wezi wa kweli hawahangaiki na herufi mojamoja, wanakupigia simu wakijifanya watu wa huduma kwa wateja na wewe mwenyewe unawatajia.

Na ile ya "kuza picha, kuza tena, safisha" mpaka usoni kwa mtu aliyeonekana kwenye kioo cha gari kilomita huko. Kama sura ya mtu imechukua pikseli 12 kwa 12, una vidoti 144 na hakuna kingine, ukikuza unapata vidoti vikubwa. Siku hizi akili mnemba inaweza kukuchorea sura safi kabisa kutoka kwenye vidoti hivyo, ila imeibuni, inaweza ikawa sura ya mtu ambae hajawahi kuzaliwa. Ya simu sijui hata niseme nini, "mshikilie kwenye laini tumtafute, sekunde kumi zimebaki". Hiyo ilikuwa na maana enzi za mitambo ya zamani ambapo mtu alifuatilia waya kwa waya, mtambo wa kidijitali unajua nani kapiga hata kabla hujasema haloo.

Mwili. Adui akipigwa anaruka nyuma anavunja dirisha. Risasi ya bastola ya milimita 9 ina gramu 8 na inakwenda mita 360 hivi kwa sekunde, ikimpata mtu wa kilo 75 ikabaki ndani inamsukuma kwa kasi isiyofika sentimita 4 kwa sekunde, ni kama umejisogeza kwenye benchi kumpisha mwenzio akae. Na fikiria tu, kama ingekuwa na nguvu ya kumrusha aliyepigwa, aliyeipiga nae angeruka upande wake. Stelingi yeye anapigwa begani, anafunga kitambaa kwa meno, tukio linalofuata anapanda ukuta. Begani kuna mshipa mkubwa wa damu na kuna mishipa ya fahamu ya mkono mzima, hapo sio mahali pa kupigwa "kidogo".

Unabaki na nini? Raha, na siipuuzi. Muvi ya chai ikipangwa vizuri inakufanya ushike mto, upige kelele, na usiku huo unalala umechoka vizuri. Haijawahi kukuahidi ukweli. Uongo wake mwingi hauna madhara, nani atabeba mitutu sita kwenda nayo kazini? Ila kuna michache natamani watu waiache palepale. Mlango wa gari haukingi risasi ya bunduki, ni bati tu, afadhali ujifiche upande wa injini. Kumpiga mtu kichwani "azimie kidogo" ni kumuumiza ubongo. Na ile mashine ya kushtua moyo, mstari umeshanyooka wanampiga shoti anaamka anakohoa, hapana, moyo uliosimama kabisa haushtuliwi, anakandamizwa kifua na kupewa dawa. Mashine inasaidia moyo unaotetemeka ovyo, na zile za hadharani zinasoma zenyewe na kukwambia ufanye nini, kwa hiyo ukikutana nayo ifuate inavyosema, achana na ya kwenye muvi.

Inamfaa mdogo wangu, na mimi mwenyewe siku ambayo kichwa kimechoka. Haimfai mtu anaejua kitu kimoja sana, iwe silaha au kompyuta, maana atateseka na atawatesa na wengine.

Muvi ya ukweli

Silaha. Ukitaka kusikia tofauti tafuta Heat ya Michael Mann ya mwaka 1995, lile tukio la mtaani baada ya wizi wa benki. Waigizaji walifundishwa kutumia silaha na Andy McNab, mwanajeshi wa zamani wa kikosi maalum cha Uingereza, tena kwa risasi za moto, na sauti za risasi unazosikia zilirekodiwa palepale mtaani zikigonga kuta za maghorofa na kurudi, hawakubandika zile za studio. Ndo mara ya kwanza namuona mjomba amekaa kimya. Watu wanaishiwa risasi, wanabadilisha magazini, mmoja anapiga ili mwenzie asogee, hakuna anaepiga huku anatembea kifua mbele. Mwishoni akasema tu "hawa wamefundishwa", na kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa mno.

Mitambo. Hapa muvi ya ukweli ina shida yake, udukuzi wa kweli ni mtu mmoja kakaa kwenye kiti siku nane anasoma maandishi. Wanaofaulu ni wale wanaotafuta njia ya kweli ambayo pia inapendeza macho. WarGames ya 1983 ilifanya hivyo, kijana anaiachia kompyuta ipige namba za simu moja baada ya nyingine mpaka ikutane na kompyuta nyingine, na hiyo ilikuwa mbinu halisi ya wakati huo. Rais Ronald Reagan aliiangalia mwaka huohuo akawauliza wakubwa wake wa jeshi kama jambo hilo linaweza kutokea kweli, wakaenda kuchunguza wakarudi na jibu baya kuliko alivyotegemea, na mwaka 1984 akasaini agizo la kulinda kompyuta za serikali. Muvi moja tu ya kijana mtundu! Ya chai isingeweza, ingemchekesha akaenda kulala. (Mwisho wa hiyo muvi lakini kompyuta inatafuta namba ya siri herufi mojamoja, tiririri ileile. Nimekwambia zote zinadanganya.)

Mwili. Watu wanaumia, wanachelewa kupona, wanapoteza kusikia, wanaogopa. Hii ni nzuri na ni mbaya. Nzuri kwa sababu risasi inarudi kuwa kitu cha kutisha kama inavyopaswa. Mbaya kwa sababu kuna usiku ambao hutaki kuona mtu anavuja damu dakika kumi akiita mama yake, na kama mna watoto pale ndo kabisa.

Na ukweli una gharama huko inakotengenezwa. Brandon Lee alikufa mwaka 1993 akiigiza, kipande cha risasi bandia kilibaki kwenye mtutu, walipopiga baruti tupu kikasukumwa kikampata. Oktoba 2021 mpiga picha Halyna Hutchins akauawa huko New Mexico, kwenye silaha ya kuigizia ilikutwa risasi ya moto, risasi ambayo haikutakiwa hata kufika pale. Baada ya hapo baadhi ya watengenezaji wameamua hakuna tena bunduki za kweli, moto wa mtutu unachorwa na kompyuta. Ukiangalia vizuri utauona, bunduki haitikisiki vizuri mkononi, na mjomba ameshaanza kulalamika, ila kwenye hilo mimi siko nae, wachore tu.

Unabaki na nini? Heshima kwa kitu ulichokiona, na mara nyingi umejifunza. Pia unabaki na hatari ya kudhani kila kitu humo ni kweli kwa sababu bunduki ni za kweli. Wanaweza wakapatia silaha wakakosea sheria, polisi, hospitali, mapenzi, kila kitu.

Inamfaa mtu anaejua, mtu anaependa kutulia, na mtu anaeangalia peke yake. Usiiweke saa nne usiku mbele ya watu sita wanaocheka, utaichukia bure.

Muvi yenye sheria zake

Silaha. Hapa usimlete mjomba na hesabu zake maana hakuna cha kuhesabu. Leza ya kweli inakwenda kasi ya mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, huwezi kuikwepa na kutoka pembeni huioni isipokuwa kuna vumbi au moshi. Kwenye muvi inatembea kama mshale wa rangi na watu wanainama. Angani hakuna hewa kwa hiyo hakuna "buum", ila vyombo vinalipuka kwa kishindo. Binamu yangu hilo halimsumbui hata kidogo, yeye anauliza swali moja tu, ambalo naona lina akili kuliko yetu sote: je, sheria waliyoweka dakika ya kumi bado inafuatwa dakika ya mia? Kama walisema ngao haipitiki basi isipitike, isije ikapitika tu kwa sababu stelingi amekasirika.

Mitambo. Cha ajabu ni kwamba hii aina ndo wakati mwingine inapatia kuliko zote. Udukuzi wa kweli zaidi niliowahi kuuona kwenye muvi kubwa uko kwenye The Matrix Reloaded ya 2003, muvi ambayo watu wanapaa. Trinity, mmoja wa mastelingi wake, anakaa kwenye kompyuta, anatumia Nmap, programu ya kweli kabisa ya kukagua mtandao, anakuta mlango wa seva uko wazi, alafu anatumia kasoro ya kweli iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili nyuma. Sekunde chache tu. Rafiki yangu anaefanya kazi za mtandao alirudisha nyuma mara tatu kama mtu aliyeona goli la jirani yake. Na Interstellar ya 2014, lile shimo jeusi halikuchorwa kwa kubuni tu, mwanafizikia Kip Thorne aliwapa milinganyo ya jinsi mwanga unavyopindwa na kompyuta zikakokotoa, huyuhuyu Thorne alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2017. Kwenye ile sayari ya maji saa moja ni miaka saba nje. Inasikika chai, ila hesabu zake zipo.

Mwili. Wanapona haraka, wanafufuka, wana mashine ya kutibu. Sina la kuongeza.

Unabaki na nini? Maswali. Hii ndo inawafanya watu wakae mpaka saa nane usiku wanabishana kama kitu fulani kinawezekana. Uongo wake hauponzi mtu, hakuna atakaekwepa leza kesho. Shida inakuja pale muvi inapomaliza matatizo yake yote kwa kifaa kipya kilichotokea mfukoni dakika ya mwisho, hapo hata binamu anachukua simu yake.

Inamfaa mwenye uvumilivu wa kusikiliza maelezo mwanzoni, na haimfai anaetaka kuingia katikati na kuelewa.

Na ile ya nusu nusu

Hii siipi sehemu yake kamili maana inanikera. Ni muvi iliyovaa nguo za ukweli, rangi za kijivu, watu wananong'ona, maneno magumu ya kijeshi, alafu ghafla sailensa inalia "fyut" na picha ya kamera inakuzwa mpaka kwenye tundu la pua. Chai ukiipewa kama chai unakunywa. Hii wamekupa chai wakakwambia ni dawa. Ukiikuta iangalie kama chai tu, utaifurahia zaidi.

Sa uweke ipi

Kama mko wengi, mnaongea, mnaingia mnatoka, weka ya chai. Ukikosa dakika tano hujakosa kitu.

Kama yupo anaejua silaha au kompyuta na unampenda, weka ya ukweli, au weka ya chai lakini mpe kazi ya kuhesabu rasmi. Sisi tumefanya hivyo, mdogo wangu anashika karatasi, mjomba anatangaza, na kila magazini inapozidi thelathini anachora mstari.

Kama mna watoto, ya sheria zake ndo ina nafuu kwenye damu, ila kagua kwanza maana sio zote.

Kama unaandika hadithi yako au unataka kupiga kamuvi kako na marafiki, angalia zote tatu ukiwa na kalamu. Kwenye ya ukweli angalia watu wanavyobadilisha magazini, kile kipindi cha kuishiwa kinatengeneza hofu ambayo risasi mia hazitengenezi. Kwenye ya sheria zake angalia wanavyotambulisha kifaa mapema kabla hakijahitajika. Kwenye ya chai angalia wanavyokufanya usihesabu.

Kama umetoka kufiwa au kuna mtu wako yuko kwenye vita kweli, ya ukweli iache, itakusubiri.

Na kama mko wanne na hamkubaliani kabisa, sisi tunapeana zamu. Wiki hii ni ya binamu, mjomba ameshauliza mara mbili kama hayo mapanga ya mwanga yanatumia betri na inakaa muda gani.